Mtoto ameanza shule na saa 30 zimekwisha: ni msaada gani wa gharama za ulezi uliobaki hapa Uingereza?

Mama Neema aliandika:

Habari za wakati huu ndugu zangu.

Ninaomba mwongozo kwa wenye uzoefu wa jambo hili. Mtoto wangu mdogo anaanza darasa la awali mwezi Septemba, na dada yake ana miaka tisa. Tulipokuwa tukimpeleka mdogo chekechea tulitumia zile saa 30 kwa wiki zinazolipiwa na serikali, nasi tulidhani kwamba akishaingia shule mzigo wa malipo utapungua. Nimepewa karatasi ya bei za klabu ya asubuhi na klabu ya baada ya masomo, na nilipojumlisha kwa watoto wote wawili nimepata takriban pauni 480 kwa mwezi, bila kuhesabu likizo, ambazo ndizo zinazonikosesha usingizi kuliko kitu kingine.

Mimi ni mhudumu katika nyumba ya wazee na zamu yangu ya mchana inakwisha saa kumi na mbili jioni, ilhali shule inawaachia watoto saa tisa na robo. Mume wangu anafanya kazi ghalani, nusu ya wiki usiku na nusu mchana. Yeye ana ukaazi wa kudumu. Mimi bado nina kibali cha kazi. Shangazi yao anaishi nasi na yuko tayari kuwalea, lakini ameacha kazi yake nyingine kwa ajili hiyo na si haki akae bila malipo.

Maswali yangu ni haya: je, kuna msaada wowote wa serikali kwa mtoto aliyekwisha kuanza shule, au ulikuwa wa wadogo tu? Shangazi anaweza kulipwa kupitia msaada huo? Na kama kuna njia zaidi ya moja, mtu achague ipi kwanza? Nimesoma kurasa nyingi na kila moja inanirudisha kwenye saa 30.

Natanguliza shukrani.

Baba Salma alijibu:

Salamu Mama Neema, na pole kwa mahangaiko.

Msaada upo. Kinachowachanganya wazazi wengi ni kwamba saa 30 ndizo zinazotangazwa kila mahali, nazo hapa England ni za watoto kuanzia miezi tisa hadi wanapoanza shule tu. Siku mtoto anapoingia darasa la awali, saa hizo zinakoma. Hata hivyo ulezi wa kabla na baada ya masomo, pamoja na ule wa likizo, unasaidiwa na mipango mingine miwili mikubwa ambayo iko kote Uingereza, Scotland na Wales zikiwemo.

Wa kwanza unaitwa Tax-Free Childcare, ulioanza mwaka 2017. Jina lake linataja kodi, lakini usilitegemee likufafanulie chochote, kwa sababu hakuna anayekurudishia kodi. Unafungua akaunti ya mtandaoni kwa kila mtoto, na kila unapoweka pauni 8, serikali inaongeza pauni 2. Nyongeza hiyo haizidi pauni 500 kwa kila miezi mitatu kwa mtoto mmoja, yaani pauni 2,000 kwa mwaka, na kwa mtoto mwenye ulemavu kikomo ni mara mbili ya hapo. Mtoto anaendelea kustahili hadi tarehe 1 Septemba inayofuata baada ya kutimiza miaka 11, na mwenye ulemavu hadi 1 Septemba baada ya kutimiza 16. Kwa hiyo binti yako wa miaka tisa yumo kabisa. Sharti kuu ni kwamba kila mzazi, si mmoja wenu tu, awe anatarajia kupata angalau kiasi kinacholingana na kima cha chini cha mshahara kwa saa 16 kwa wiki, na asiwe mtu anayepata zaidi ya pauni 100,000 kwa mwaka. Aliyejiajiri hivi karibuni hadaiwi kile kiwango cha chini katika miezi 12 ya mwanzo ya biashara yake.

Wa pili ni sehemu ya ulezi iliyo ndani ya Universal Credit, ile posho ya serikali ya kila mwezi kwa wenye kipato kidogo. Hapa serikali inaweza kukurudishia hadi asilimia 85 ya ulichomlipa mlezi, na hakuna idadi ya chini ya saa za kazi, ila wote wawili mnatakiwa muwe kwenye kazi ya malipo, isipokuwa mmoja hawezi kulea kwa sababu ya maradhi au ulemavu. Kuanzia Aprili 2025 kikomo kiliwekwa kuwa pauni 1,031.88 kwa mwezi kwa mtoto mmoja na pauni 1,768.94 kwa wawili au zaidi, na viwango hivi hupitiwa upya kila Aprili, basi angalia kilichopo mwezi unaoomba. Umri nao ni mpana zaidi: hadi tarehe 31 Agosti baada ya mtoto kutimiza miaka 16.

Sasa tuchukue pauni 480 zako. Kwa Tax-Free Childcare serikali ingechangia 96 nawe ungebaki na 384. Kwa Universal Credit, asilimia 85 ni pauni 408, na wewe ungebaki na 72. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini tafadhali usikimbilie hesabu hii peke yake. Zile 408 zinaingizwa kwenye jumla ya haki yenu, kisha jumla hiyo inapunguzwa kwa senti 55 kwa kila pauni ya mshahara unaobaki mkononi baada ya kodi, ukishatolewa kiwango ambacho hakiguswi. Familia ambayo mishahara yake miwili ni mizuri inaweza kujikuta inapata kidogo au haipati kabisa, na mwenye akiba ya zaidi ya pauni 16,000 hastahili Universal Credit hata kidogo. Huruhusiwi kupokea mipango yote miwili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mtu hukaa kwanza na kikokotoo, cha serikali au kile cha shirika la hisani la Turn2us, aingize mishahara halisi kutoka kwenye hati za malipo, na kulinganisha majibu mawili kabla ya kujaza fomu yoyote. Namfahamu mzazi aliyeacha Universal Credit kwa ajili ya Tax-Free Childcare, inayochangia asilimia 20 ya gharama, kwa kuwa aliambiwa na jirani kwamba ndiyo mpya. Alipoteza mamia ya pauni kila mwezi, na kurudi kwake kulichukua muda.

Kuhusu zile vocha za ulezi ambazo baadhi ya waajiri walikuwa wakizitoa, zilifungwa kwa waombaji wapya Oktoba 2018, kwa hiyo usipoteze muda wako kuzitafuta.

Bi Rehema aliandika:

Mama Neema, mimi ni mlezi wa watoto niliyesajiliwa, ninapokea watoto nyumbani kwangu kabla na baada ya shule. Niruhusu nizungumzie suala la shangazi na suala la usajili, kwa maana hapo ndipo ninapowaona wazazi wakikwama kila mwaka.

Mipango yote miwili aliyoieleza Baba Salma inalipia ulezi uliosajiliwa au kuidhinishwa tu. Ndugu wa mtoto anayemlea ndani ya nyumba ya mtoto hakubaliki, hata akiwa na mapenzi na ujuzi kuliko sisi sote. Ndugu anakubalika pale tu anapokuwa mlezi aliyesajiliwa rasmi na anapomlea mtoto nje ya nyumba ya mtoto huyo. Shangazi anayeishi nanyi, kwa hiyo, hawezi kulipwa kwa njia hii. Najua jinsi jibu hili lilivyo gumu kwa familia zetu, ambako shangazi na bibi ndio nguzo ya malezi, lakini ni afadhali ulijue sasa kuliko baada ya kupeleka risiti na kukataliwa.

Jambo la pili linamhusu binti yako wa miaka tisa zaidi kuliko mdogo. Hapa England msajili ni Ofsted. Anayelea watoto walio chini ya miaka minane kwa zaidi ya saa mbili kwa siku kwa kawaida analazimika kusajiliwa. Mtoto akishafika miaka minane, usajili wa mlezi wake unakuwa wa hiari. Matokeo yake ni kwamba kuna klabu nyingi nzuri za mpira, dansi na sanaa zinazopokea watoto wakubwa bila usajili wowote, na hazivunji sheria yoyote, lakini pesa unayoilipa huko haisaidiwi hata senti moja. Wazazi hupeleka ndugu wawili kwenye majengo yaleyale, mmoja akasaidiwa na mwingine asisaidiwe, wakabaki wanashangaa.

Basi kabla ya kulipa amana muulize msimamizi wa klabu maswali haya kwa maandishi: umesajiliwa na Ofsted, usajili wako unagusa umri wa mtoto wangu, na namba yako ya usajili ni ipi? Kwangu mimi cheti kinatundikwa ukutani karibu na mlango wa kuingilia, na namba iko pale juu kwa yeyote kuisoma. Klabu ikisita kukupa namba, hilo lenyewe limekujibu. Klabu inayoendeshwa na shule yenyewe katika majengo yake kwa kawaida inakubalika kwa usajili wa shule, ila kwa Tax-Free Childcare inabidi shule iwe imejiunga na mpango huo ndipo jina lake litokee unapolitafuta ndani ya akaunti yako. Universal Credit haihitaji hatua hiyo ya kujiunga. Inahitaji usajili na risiti.

Na risiti iwe risiti kweli. Ninayowaandikia wazazi wangu ina jina langu na anwani, namba ya usajili, jina la mtoto, tarehe za ulezi, kiasi kilicholipwa na siku kilipolipwa. Ujumbe wa simu unaosema "nimepokea, asante" hautoshi.

Mama Neema alijibu:

Asanteni sana, Baba Salma na Bi Rehema. Hilo la shangazi limeniumiza lakini limenifungua macho, na la klabu ya dansi sikulitegemea kabisa, kwa sababu ndiyo binti yangu aliyoipenda.

Nina mambo mengine mawili yanayonitia wasiwasi. Klabu inataka malipo ya mwezi mzima pamoja na amana kabla mtoto hajaanza, na kama Universal Credit inarudisha baada ya kulipa, hizo fedha za mwanzo nizitoe wapi? Pili, kwenye kibali changu kuna maneno kwamba siruhusiwi kutumia fedha za umma. Je, haya yote yananihusu kweli?

Kaka Juma aliandika:

Dada Mama Neema, ninajitolea kwenye kituo cha ushauri wa jamii na maswali yako haya mawili yanatufikia mara nyingi. Nitaanza na la kibali kwa kuwa ndilo linaloamua mengine yote.

Kwa Tax-Free Childcare, masharti yanataka wewe au mwenzi wako, yaani mmoja wenu anatosha, awe na namba ya bima ya taifa na awe ama raia wa Uingereza au Ireland, ama na hadhi ya ukaazi chini ya mpango wa raia wa Ulaya, ama na ruhusa ya kutumia fedha za umma. Mume wako mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kuwa yeye mwombaji, akaeleza kazi zenu wote wawili. Lile sharti la mapato bado litapimwa kwa kila mmoja wenu.

Universal Credit ni suala tofauti, na hapo ninakuomba usijaze chochote kabla ya kuongea na mtu aliyeruhusiwa kisheria kutoa ushauri wa uhamiaji. Universal Credit imo waziwazi kwenye orodha ya fedha za umma, yaani misaada ya serikali ambayo mwenye kibali kama chako amezuiwa kuitumia. Mume ana haki yake mwenyewe ya kuomba, lakini ombi la wanandoa ambao mmoja wao amezuiwa linashughulikiwa kwa namna yake, na jambo linalogusa kibali chako na ombi lako la ukaazi la baadaye si la kuamuliwa kwa kusoma majibu yetu hapa. Citizens Advice, shirika la ushauri kwa wananchi, hawatozi, na watakuelekeza kwa mshauri wa uhamiaji kama wao wenyewe hawawezi. Nenda na kibali chako pamoja na cha mume, hati za mishahara za miezi ya karibuni na karatasi ya bei za klabu, ili wahesabu mbele yako. Ile tofauti ya pauni 408 na 96 aliyoionyesha Baba Salma ni sahihi kwa familia isiyo na kizuizi. Kwa familia yako huenda zile 96 ndizo zilizo salama.

Kuhusu malipo ya mwanzo, nitajibu kwa faida ya wasomaji wengine pia. Tangu Juni 2023, mzazi anayepokea Universal Credit ambaye anaanza kazi au anaongeza saa za kazi anaweza kuomba gharama za kwanza za ulezi zilipwe mapema, bila kuzitoa mfukoni kwanza. Hili halifanyiki lenyewe. Unamwandikia mshauri wako wa kazi kwenye jarida lako la mtandaoni, yaani sehemu ya kuandikiana nao ndani ya akaunti yako ya Universal Credit, unaambatisha ankara ya klabu, na unataja tarehe ya kuanza kazi au ya kuongezewa saa. Baadaye, kila gharama unayoilipa uiripoti mapema, na kwa vyovyote isipite mwisho wa kipindi cha tathmini (mwezi ambao Universal Credit yako huhesabiwa) kinachofuata kile ulicholipia, maana ukichelewa bila sababu ya kueleweka unaweza kuikosa. Nimewaona wazazi wakikusanya risiti za muhula mzima wazipeleke pamoja kama tulivyozoea kufanya na mambo ya ofisi. Hapa utaratibu huo unawagharimu.

Nije kwenye likizo. Zipo kambi za likizo zilizosajiliwa, na hizo zinalipiwa na mipango hiihii miwili, kwa masharti yaleyale aliyoyaeleza Bi Rehema. Zaidi ya hapo, hapa England halmashauri zinaendesha mpango wa shughuli na chakula wakati wa likizo za Pasaka, kiangazi na Krismasi, hasa kwa watoto wanaopata chakula cha bure shuleni kwa sababu ya kipato cha familia. Baadhi ya halmashauri huacha nafasi chache kwa familia nyingine zenye uhitaji, kwa hiyo inafaa kuuliza hata kama hamstahili moja kwa moja. Nafasi hujaa upesi. Karani wa shule kwa kawaida ndiye anayetuma kiungo cha kujiandikisha, na barua pepe yake ni rahisi kupotea katikati ya matangazo mengine.

Asubuhi nayo inaweza kupungua gharama. Kuanzia Aprili 2025 shule 750 za msingi za England zilianza kutoa klabu ya kifungua kinywa bila malipo, pamoja na angalau nusu saa ya uangalizi kabla ya masomo, na shule nyingine zinaongezwa. Muulize mwalimu mkuu kama shule yenu imo au iko kwenye orodha inayofuata. Nusu saa haitoshi kwa zamu inayoanza alfajiri, lakini kwa zile siku ambazo mume anarudi asubuhi kutoka kazini huenda ikawatosha.

Bi Rehema aliandika:

Naongezea kwa Kaka Juma: shule ikiwa haina klabu kabisa, au ina klabu inayofunga mapema kuliko zamu zenu, mzazi ana haki ya kuiandikia shule ombi rasmi la kuanzisha au kupanua ulezi wa kabla na baada ya masomo, na shule inatakiwa ilizingatie na kujibu. Serikali ilitenga fedha mwaka 2023 ili ifikapo Septemba 2026 wazazi wa watoto wa shule za msingi hapa England waweze kupata ulezi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Ni upatikanaji uliokusudiwa hapo, siyo ulezi wa bure. Andikeni wazazi kadhaa kwa pamoja. Mwalimu mkuu akiona majina ya familia kumi na mbili zenye zamu kama zenu ni tofauti na akiona jina moja.

Mama Neema alijibu:

Mungu awabariki. Nimezungumza na mume wangu usiku huu na tumekubaliana kwamba yeye ataomba Tax-Free Childcare kwa jina lake, na kuhusu Universal Credit hatutagusa hadi tumwone mshauri. Shangazi amesema atafikiria kujisajili kuwa mlezi, ingawa itabidi awe na mahali pake pa kulelea. Swali la mwisho: kwa kuwa klabu ya dansi haijasajiliwa, naweza kulipia siku moja tu huko kwa fedha zetu na siku nyingine klabu iliyosajiliwa kwa fedha za akaunti?

Baba Salma alijibu:

Unaweza bila shida yoyote. Akaunti inalipia ulezi uliosajiliwa na hakuna anayekuuliza mtoto anafanya nini siku nyingine.

Nikupe mambo mawili ya kiutendaji kabla hujaanza. Mume wako atatakiwa kuthibitisha taarifa zenu upya kila baada ya miezi mitatu. Atatumiwa ujumbe wa kumkumbusha, lakini asipothibitisha, nyongeza inasimama hata kama hakuna kilichobadilika kwenye kazi zenu. Aandike tarehe hiyo kwenye simu yake siku ileile anayofungua akaunti.

La pili ni la likizo. Fedha ulizoweka pamoja na nyongeza yake hazilazimiki kutumika mwezi huohuo. Zinaweza kukaa ndani ya akaunti. Kisichoweza kukaa ni nafasi ya nyongeza: usipofikia kikomo cha pauni 500 katika miezi mitatu, sehemu iliyobaki haihamii miezi inayofuata. Kwa hiyo kama mnaweza kuweka kidogo zaidi ya ada ya klabu kuanzia Septemba, tuseme pauni 40 kwa mwezi kwa kila mtoto, serikali itaongeza 10 juu ya kila 40, na ifikapo mwisho wa Julai kila mtoto atakuwa na pauni 550 za kambi ya kiangazi zinazomsubiri. Babu, bibi au hata mwajiri anaruhusiwa kuweka fedha kwenye akaunti hiyo, na mchango wao nao unapata nyongeza. Ila mkitoa fedha kwa matumizi mengine yasiyo ya ulezi, sehemu ya serikali inarudi serikalini.

Namba ya usajili ya klabu uwe nayo mkononi, na umtafute mlezi huyo ndani ya akaunti kabla ya muhula kuanza. Malipo ya kwanza huweza kuchukua siku kadhaa kumfikia, basi usisubiri hadi Jumatatu ya kwanza ya Septemba.